Maji Meupe ya Nyakayenzi

Jumanne, 4 Machi

Nimebadilisha maji ya madumu. Matano, lita ishirini ishirini. Ya zamani nimemwagia mchicha, mapya nimeyachota chemchemi ya Nyakayenzi, safari tano, tope hadi kwenye vifundo vya miguu. Kila dumu kidonge kimoja cha kutibu maji, kama kawaida.

Mama Bukuru, jirani yangu, alisimama mlangoni kwake akinicheka. "Mwalimu, mvua yote hii unatunza maji ya nini?"

Nikamwambia ni mazoea. Kwetu Manyoni ukikuta maji unachota kwanza, kiu itakuja yenyewe. Nina miaka sita huku Kasulu milimani, maji yanatiririka kila bonde, na bado dumu likiwa tupu silali vizuri.

Sanduku la bati nimelikagua pia. Viberiti kwenye nailoni, vikavu. Mishumaa. Chumvi. Sukari kilo mbili. Pakiti za ORS kumi na nane. Vidonge vya maji vimebaki sitini na kitu. Tochi inawaka. Redio ina kutu kwenye betri, nimeikwangua kwa kisu.

Darasa la kwanza leo walikuwa 58 kati ya 61. Wanafunzi wangu hawapendi kutoa. Kujumlisha wanapenda.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua siku ya tatu mfululizo. Kalavati la barabara ya mjini limesombwa. Nimekwenda kuliona na watu wengine, tumesimama pale kama tuko msibani. Shimo kubwa, maji mekundu yanapita kwa kelele. Bodaboda hawavuki. Zahanati iko ng'ambo. Soko liko ng'ambo. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kabuye, amesema watengenezaji watakuja mvua ikipungua. Hakusema lini, na hakuna aliyemuuliza.

Wanafunzi 47. Nadhani ni mvua.

Choo changu kipya jana kilikuwa kimejaa maji karibu hadi juu. Nilikichimbisha Septemba, cha zamani kilipojaa. Asubuhi ya leo maji yalikuwa yamepungua mkono mzima, ingawa mvua haikukatika. Udongo wa huku unakunywa vizuri.

Jumatatu, 10 Machi

Wanafunzi 38. Sio mvua.

Nilipouliza, wakaanza kushikana matumbo na kucheka. Kisha hawakucheka. Mmoja alitoka mbio, hakufika chooni. Bukuru wa jirani yangu amekuja peke yake. Sijawahi kumuona bila pacha wake. Alikaa kwenye dawati akiacha nafasi ya Butoyi pembeni yake, na mtoto mwingine alipotaka kukaa pale akamsukuma.

Mtandao unapatikana kwenye kichuguu nyuma ya shule tu. Nimepanda na mwavuli, nimempigia Nesi Frida wa zahanati. Amesema hata ng'ambo kwake hakuna gari linalotoka. Hawezi kuvuka. Amesema wanaohara wanyweshwe ORS, maji yote yachemshwe, mikono ioshwe. Akasema pia: "Dada Salome, wewe uko huko. Tafuta ni kitu gani wanakula au kunywa pamoja."

Nimeona ni mto. Mto umekuwa mwekundu kama rangi ya matofali. Nimewaambia watoto wasikaribie mto.

Jumanne, 11 Machi

Butoyi ana hali mbaya. Mama Bukuru alikuja shuleni wakati wa uji, hajafunga kilemba, akaniita kwa mkono bila kuingia darasani. Nikaacha darasa kwa mwenzangu.

Mtoto amelala kwenye mkeka. Macho yameingia ndani. Nikamfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama. Analia bila machozi. Nilikimbia nyumbani kwangu, nikarudi na dumu moja na pakiti zote. Tukamnywesha kijiko kwa kijiko. Akitapika tunasubiri dakika kumi, tunaanza tena. Mama yake anashika kichwa, mimi nashika kijiko. Bukuru amekaa kizingitini, anatutazama.

Saa kumi jioni alikojoa. Kidogo sana, rangi ya chai. Mama Bukuru akaanza kulia ndipo nikajua alikuwa amejizuia mchana kutwa.

Nilimuuliza wanakunywa maji gani. Alinishangaa. "Ya Nyakayenzi, Mwalimu. Sisi hatunywi ya mto."

Sikulifikiria jibu hilo. Nilikuwa nimechoka.

Jumatano, 12 Machi

Butoyi ameshinda hai. Bado anahara, lakini anameza.

Nimelifikiria jibu.

Mchana nimekaa na daftari la mahudhurio. Nimechukua karatasi, nikaigawa katikati. Kushoto wasiokuja, kulia wanaokuja. Kila jina nikaandika anakaa wapi. Nilidhani wagonjwa watakuwa wa bondeni, wanaochota mtoni. Imekuwa kinyume. Watoto wa bondeni wako darasani karibu wote. Wagonjwa ni wa juu, huku kwetu.

Nilishuka bondeni, nikaingia nyumba nne. Kote nimeuliza swali moja. Wote wanachemsha. Mama mmoja akanijibu kama vile nimemtukana: "Maji haya mabaya hivi, nani atayanywa bila kuchemsha?"

Huku juu hachemshi mtu. Maji ya Nyakayenzi ni meupe. Unaona kokoto chini. Ni baridi, matamu. Watu wanatoka mbali kuyachota wakiwa na harusi.

Maji machafu yanachemshwa, maji meupe yanaaminiwa. Nafundisha sayansi miaka kumi na saba na sikuliona.

Nimempelekea Mzee Kabuye karatasi yangu. Aliisoma yote, miwani puani. Akasema atatangaza watu wachemshe. Kufunga chemchemi hawezi. "Mwalimu, babu yangu alikunywa maji yale. Nitawaambia nini? Watayatazama, watayaona meupe." Jioni amepita akitangaza. Nimewaona wanawake watatu wakinywa palepale kwenye chemchemi kwa kiganja.

Alhamisi, 13 Machi

Maji ya chemchemi hayaharibiki yenyewe. Kuna kitu juu yake. Baada ya masomo nilianzia pale yanapotokea nikapanda mlima polepole, nikitazama chini. Nilitafuta mzoga. Nilitafuta zizi. Niliingia kwenye mikaratusi, nikatoka. Ng'ombe hakuna, shamba lenye dawa za wadudu hakuna.

Nikapita uzio. Nikajikuta nyuma ya nyumba yangu.

Hatua arobaini na mbili kutoka chooni kwangu hadi chemchemi. Nimezihesabu mara mbili. Zote za kuteremka.

Fundi aliniuliza Septemba ile, "Nichimbe wapi, Mwalimu?" Mimi ndiye niliyenyoosha kidole. Nilichagua pale kwa sababu udongo ulikuwa laini, angemaliza haraka. Wakati huo kulikuwa kukavu. Chemchemi nilikuwa naiona kabisa kutoka pale niliposimama. Sikuiwaza.

Na mimi siumwi. Naweka vidonge. Naweka vidonge kwenye maji ambayo nawaharibia wenzangu.

Nilikaa jikoni muda mrefu bila kuwasha moto. Mawazo mabaya yalikuja, nayaandika ili nisijidanganye baadaye. Niliwaza kukifukia kimyakimya. Niliwaza kusema ni mvua tu. Hakuna ambaye angejua. Hata mimi sina uhakika, nilijiambia, labda siyo choo.

Basi nimetafuta uhakika. Nimechukua mafuta ya taa yote niliyokuwa nayo, lita moja na kidogo, nimeyamimina chooni. Yakitokea chini nitajua. Na watu wakisikia harufu hawatayanywa. Hilo nalo ni faida.

Ijumaa, 14 Machi

Niliamka nikaenda moja kwa moja na ndoo. Sikuhitaji kuinama. Nilisikia harufu kabla sijafika.

Wanawake walikuwa saba, Mama Bukuru akiwemo, madumu matupu miguuni. Maji yalikuwa yametandwa na rangi za upinde wa mvua kama barabarani kwenye gereji. Walikuwa na hasira. Mmoja anasema ni watoto. Mwingine anasema ni watu wa bondeni, wanaona wivu. "Mtu gani anamwaga mafuta ya taa kwenye maji ya watu?"

Nikasema, "Ni mimi."

Wakageuka.

"Lakini sikuyamwaga hapa. Nimeyamwaga jana jioni chooni kwangu."

Niliona wanavyoelewa, mmoja baada ya mwingine. Aliyeelewa kwanza alitazama juu, kwenye bati la choo changu linaloonekana kati ya miti. Mwingine akatema mate. Mwingine akashika tumbo lake, ana mimba. Mama Bukuru alielewa mwisho, au alijua mapema na hakutaka. Alinitazama usoni. Halafu alichukua dumu lake tupu akaondoka. Hakukimbia.

Ningependa angenipiga.

Nilibaki pale na wengine. Nimewaambia nilichojua, kwamba nilichagua mwenyewe, kwamba fundi hana kosa. Sauti yangu ilitoka ya darasani, sijui kwa nini. Mmoja akaniambia, "Usitufundishe leo, Mwalimu."

Kutoka hapo nikaenda kwa Mzee Kabuye kabla habari hazijafika. Zilikuwa zimefika.

Jumamosi, 15 Machi

Mkutano, uwanja wa shule. Manyunyu. Watu walikuja wengi kuliko siku ya uchaguzi.

Nimesema tena mbele ya wote. Mara hii haikuwa rahisi zaidi. Bwana mmoja alisimama akasema mgeni arudi kwao, kijiji kilikuwa salama kabla yake. Wachache walipiga makofi. Sikumkasirikia. Ana watoto watatu wamelala ndani.

Mzee Kabuye aliwaacha waseme mpaka wakaishiwa. Kisha akasema: "Choo kitafukiwa. Mwalimu hajafa na sisi hatujafa. Sasa leo jioni tutakunywa nini?"

Hapo mkutano ukawa wa kazi. Kuni za nyumbani zimelowa kila mahali, ila stoo ya jiko la shule ina kuni kavu, na masufuria makubwa mawili ya uji. Tumekubaliana maji yachemshiwe pale, kila nyumba ije na dumu safi. Maji ya mvua yakingwe kwenye bati la shule. Ya kwanza yamwagwe, maana yanaosha bati na kinyesi cha ndege, yanayofuata yachujwe kwa kanga iliyokunjwa mara nne. Yakianza kutokota yaachwe yaendelee kidogo, sio kuonyesha mvuke tu na kuepua. Vidonge vyangu hamsini na mbili nimevitoa vyote. Kidonge kimoja dumu moja, subiri nusu saa. Nimevigawa kwa nyumba zenye wagonjwa na wajawazito. Pakiti za ORS zimebaki nne. Wengine nimewaonyesha ya nyumbani: lita moja ya maji yaliyochemka yakapoa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kupimwa kwa kukwanguliwa juu. Sukari yangu yote imeisha.

Yule bwana aliyesema nirudi kwetu alikuja kwenye foleni ya vidonge. Nikampa. Akapokea kwa mikono miwili, hakunitazama.

Mama Bukuru hakuja. Amemtuma shangazi yake na dumu.

Jumapili, 16 Machi

Sikwenda kanisani. Nimekwenda kwa Mama Bukuru.

Alikuwa nje, chini ya upenu, anapukuchua maharage. Hakunikaribisha kiti. Nikasimama. Nimemwambia nimekuja kuomba msamaha, sio wa kijiji, wa kwake. Nikamwambia nilimnywesha mtoto wake kijiko kwa kijiko bila kujua kwamba mimi ndiye niliyemletea ugonjwa.

Aliendelea kupukuchua. Maganda yanaanguka upande huu, maharage upande ule.

"Nimekusikia," alisema.

Nikasubiri. Hakukuwa na kingine. Nikaaga.

Nilipopita dirishani nikamsikia Butoyi ndani anaomba ugali. Sauti ya kukwaruza, ya kudai, kama mtu aliyecheleweshewa haki yake. Nilifika kwangu nikalia vizuri.

Jumanne, 18 Machi

Choo kimefukiwa. Chokaa magunia mawili, ya kupaka madarasa, Mzee Kabuye ameruhusu. Halafu majivu, halafu udongo. Nimeshika koleo mwenyewe tangu asubuhi. Nilikuja na wazo kwamba nitaifanya kazi hiyo peke yangu, kama adhabu. Walikuja wanaume wanne bila kuitwa, mmoja akaninyang'anya koleo kwa sababu natifua vibaya. Viganja vyangu vina malengelenge. Natumia choo cha shule sasa, na ndoo ya maji ya kunawia nje ya mlango, na kipande cha sabuni kwenye soksi ili kisiibwe.

Nyakayenzi imezungushiwa miiba. Nesi Frida amesema kwa simu itachukua muda, na kabla ya kurudi kuinywa lazima maji yapimwe.

Watu wapya wanaohara: hakuna tangu jana.

Jumatano, 19 Machi

Tumepanda mlimani na Mzee Kabuye na wanawake sita kutafuta maji mengine. Anasema kuna mahali mama yake alikuwa akichota kabla ya vijiji vya ujamaa. Dakika arobaini za kupanda. Mzee ana miaka karibu sabini na alikuwa anatusubiri sisi.

Tumepapata. Ufa kwenye mwamba, majani yaliyoota kwa mvua yameufunika, maji membamba kama kidole. Juu yake hakuna nyumba, hakuna shamba, ni mwamba na nyasi hadi kileleni. Mmoja wa wanawake akainama kunywa. Wenzake wote watano kwa pamoja: "Chemsha!" Akacheka, akainuka.

Tumeyapima kwa dumu na saa yangu. Dumu linajaa kwa dakika tisa. Ni kidogo, lakini hayakatiki. Mabomba yatatafutwa barabara ikifunguka.

Tukishuka, Mzee Kabuye alitembea na mimi nyuma. Akaniuliza kama nitaomba uhamisho. Nikasema nawaza. Akasema, "Uhamisho ni haki yako. Ila ukienda, nitampata wapi mwingine anayejua choo kisichimbwe wapi?"

Sikujua kama anatania. Uso wake haukusema.

Ijumaa, 21 Machi

Barabara imefunguka jana. Wameweka magogo na kifusi, pikipiki zinapita, gari dogo linapita kwa kusali. Wa kwanza kuvuka kuja kwetu alikuwa Nesi Frida, matope hadi kiunoni, boksi la dawa kichwani. Amezunguka nyumba zote kwa siku mbili. Hatujapoteza mtu. Amelisema hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, akiandika, nikaomba arudie.

Butoyi amepungua sana. Nesi amesema mwili utarudi, watoto wanarudi haraka. Anaweza kuja shule Jumatatu kama anataka.

Frida amechukua maji ya Nyakayenzi kwenye chupa kupeleka kupimwa. Ameniachia vidonge vipya boksi zima na pakiti za ORS thelathini, zikae shuleni, sio kwangu. Nimeona ni sawa. Nimemuuliza kama anadhani watu watanisamehe. Akasema yeye ni nesi.

Jumamosi, 22 Machi

Sitaomba uhamisho. Nimeamua nikiwa nachambua mchele. Hakuna sababu kubwa.

Jumatatu, 24 Machi

Jua tangu asubuhi. Wanafunzi 57.

Mama Bukuru amewaleta mapacha mwenyewe hadi mlango wa darasa. Butoyi kavaa sweta la mkubwa, shingo nyembamba imetoka juu yake kama ya kifaranga. Mama yake alinisalimia kwa Kiha.

"Mwakeye, Mwalimu."

"Mwakeye, Mama Bukuru."

"Asipewe kazi ya kubeba. Bado hana nguvu."

"Hatapewa."

Akasimama kidogo zaidi, akaangalia mwanawe anavyokaa. Kisha akaenda shambani.

Kipindi cha pili, hesabu za kutoa. Nilikuwa naandika ubaoni, nikageuka, Butoyi amelala. Shavu juu ya daftari, mdomo wazi, penseli mkononi. Bukuru alikuwa ameinua kiwiko amwamshe. Nikatikisa kichwa. Akashusha kiwiko.

Nikaendelea kwa sauti ya chini. Kumi na tatu toa sita. Sikuwaambia kitu, lakini watoto nao wakaanza kujibu kwa kunong'ona, darasa zima, hadi kengele.